Utani Ndani ya Ghala la Pamba

Haya yalimpata Dorotea, mjane wa Mihayo, jirani wa mama yangu mdogo kule tulikohamishiwa wakati wa Operesheni Vijiji. Kijiji kilikuwa na jina lake la kiserikali, lakini watu walikiita Mistarini, kwa sababu nyumba zilipandwa kwa mistari kama mihogo, mlango wako ukitazama mgongo wa jirani usiyemjua. Watu walioishi mbalimbali, kila ukoo na kilima chake, walijikuta siku moja wanasikiana wakikohoa.

Jumapili mambo yalipoanza, asubuhi ilikuwa ya amani. Pamba ilikuwa imeshauzwa, ghala la chama limebaki tupu, na upepo wa ziwa ulikuwa unafika mpaka kwetu ukinuka dagaa. Dorotea alirudi kutoka kanisani, akaanika michembe, vipande vya viazi vitamu vya kukausha, juu ya jiwe, akamtoa mama yake nje ajiotee jua. Mama huyo ndiye Bibi Nyanzala. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa mbovu, mguu akiuburuta. Macho yake yalikuwa mekundu, maana Mistarini kuni zilikuwa mbali na wanawake walipikia mabua ya pamba, na moshi wa mabua ya pamba hauna huruma na macho ya mtu. Alipenda kiko. Kuliko kiko, alimpenda mjukuu wake Venant.

Venant alikuwa mtoto wa pekee wa Dorotea, kijana aliyesomeshwa na mapadri mpaka darasa la nane, mwenye Kiingereza kidogo na mdomo mwingi. Yeye na bibi yake waliutumia ule utani wa bibi na mjukuu mpaka makombo.

"Mume wangu, tumbaku yangu iko wapi?"

"Nimempa mke mdogo. Wewe umezeeka, nakurudisha kwenu nikadai ng'ombe zangu."

"Kadai! Ng'ombe wenyewe walikuwa kupe watupu."

Dorotea hakuingia katika maneno hayo. Binti hamtanii mama yake. Aligeuza uso akacheka pembeni, mkono mdomoni.

Mchana huo ikasikika honi ya gari la sinema. Gari hilo lilitoka mjini Mwanza, na mwendeshaji wake alikuwa Rutashobya, Mhaya mmoja mtaratibu, mwenye miwani na shati lililopigwa pasi hata katikati ya vumbi. Alionyesha picha za kupulizia dawa ya pamba na kuchemsha maji ya kunywa, halafu mwisho picha moja ya burudani. Kwa kuwa barabara ilikuwa mbaya na hakutaka kulala njiani, alionyesha mchana ndani ya ghala la pamba, milango na madirisha yakizibwa kwa magunia. Ukiingia mle ulisahau kama nje kuna jua. Venant ndiye aliyekuwa anatafsiri. Alikaa juu ya kreti kando ya mashine, kipaza sauti mkononi, akisema wanachosema Wazungu.

Siku hiyo burudani ilikuwa picha ya maiti.

Maiti wa zamani, aliyezikwa amezungushiwa vitambaa mwili mzima, kafukuliwa na wasomi wasio na adabu. Alikaa kimya ndani ya jeneza lake la jiwe muda mrefu, mpaka watu wakaanza kupiga miayo. Halafu akageuza shingo.

Ghala zima liliinuka. Wanawake waliacha kanga, wanaume waliacha wanawake. Mzee mmoja alirusha fimbo ikatoboa shuka la sinema pale pale kifuani kwa maiti, na maiti akaendelea kuja. Magunia ya mlangoni yaling'olewa na misumari yake. Nje, juani, watu wakasimama wanahema, wanatazamana, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kucheka.

Mwenyekiti Chenge alimkabili Rutashobya. "Ndugu, sisi tunajenga taifa. Wewe unatuletea wafu?"

"Ndugu Mwenyekiti, ni Mzungu tu yule, amejifunga bandeji."

"Bandeji? Basi mpeleke hospitali, usimlete kijijini kwangu."

Lakini gari halikuwa na mkanda mwingine. Ulikuwepo wa pili, Rutashobya alisema, ambamo maiti yule yule anachekesha, anakimbizana na mafundi wawili wa kupaka rangi. Ila ulikuwa bado Dar es Salaam. Basi aliporudi mwezi uliofuata na mkanda ule ule wa kutisha, alimwita Venant pembeni.

"Kijana, leo wasikimbie. Nifanyie wacheke."

"Hilo niachie mimi, mzee."

Ghala lilijaa tena, maana hofu ina utamu wake. Bibi Nyanzala aliletwa mbele kabisa, akawekewa kigoda. Dorotea alikaa nyuma yake. Maiti alipogeuza shingo, watu wakaanza kuinuka, na hapo hapo kwenye spika kikatoka kikohozi. Kikohozi kirefu cha kizee, chenye kamasi na malalamiko.

"Khoo! Nani kachukua kiko changu?"

Ilikuwa sauti ya Bibi Nyanzala hasa. Venant aliipatia mpaka pumzi. Maiti akashuka jenezani akiburuta mguu, na spika ikasema, "Nyonga yangu jamani! Mistari hii imewekwa na nani, mbona siioni nyumba yangu?" Maiti akanyoosha mkono kumkaba Mzungu shingoni. "Mume wangu, lete tumbaku nisikunyonge!"

Watu walikufa kwa kicheko. Mwenyekiti Chenge alilia machozi. Bibi mwenyewe alikuwa anapiga mapaja yake, anapaza sauti gizani, "Mume wangu weee! Nitakukata masikio!" Dorotea naye alicheka. Alicheka waziwazi, mkono haukuwa mdomoni, mpaka akajishika mbavu. Baadaye alikuja kukikumbuka kicheko hicho kila alipopiga magoti kusali.

Pembeni yake alikaa jirani yake Odeta, mwanamke aliyeletwa na Operesheni kutoka upande mwingine wa wilaya, mtoto mapajani. Yeye hakucheka.

"Mama Venant," alinong'ona, "kijana wako anasema nini juu ya bibi yake?"

"Utani tu huo, mama. Ni mjukuu."

"Hata kwetu tunataniana." Odeta alimfunika mtoto uso kwa kanga. "Lakini utani huwa una mahali ulipotoka."

*

Kwanza walikuwa watoto. Walibuni mchezo, mmoja anajifunga gunia, anaburuta mguu, anadai kiko, wengine wanakimbia. Hakuna aliyewakemea. Halafu ikaja surua, ikapita nyumba kwa nyumba kufuata mistari, na mtoto wa Odeta akafa. Mama yake alisema mtoto alikesha analia akionyesha mlangoni. Alipoulizwa kuna nini, alijibu, "Anatafuta kiko."

Sasa ugonjwa ukishashika kichwa cha mtoto, chochote alichokiona kwenye sinema kitamrudia. Hilo tunalijua leo. Siku ile hakuna aliyelisema, na waliolifikiri walinyamaza.

Dorotea alianza kuona. Akimtuma mtu kuomba moto, haletewi. Bibi akifika kisimani, wanawake wanainua ndoo zikiwa nusu. Wale waliokuwa wanampungia mkono, "Mwangaluka, bibi," sasa walitazama macho yake mekundu, ambayo watu husema ni ya mchawi, halafu wakatazama chini. Na neno lilikuwa moja, linapita kwa kunong'ona kutoka mgongo wa nyumba hadi mlango wa nyumba: hata mjukuu wake mwenyewe alisema. Alisema kwenye kipaza sauti. Mbele ya Mwenyekiti.

Bibi Nyanzala hakujua, au alijifanya hajui. "Watu wa hapa wamekuwa wapole," alisema.

Dorotea alimwendea Mwenyekiti Chenge. Chenge alikuna kidevu. "Mama, serikali haiamini uchawi. Sasa mimi nitaitisha mkutano juu ya kitu ambacho hakipo?"

Wakati huo Venant alikuwa ameshachukuliwa na gari. Sauti yake ilimfurahisha Rutashobya, wakawa wanazunguka wote. Dorotea aliomba lifti kwenye lori la mbegu za pamba, akamkuta Misungwi, ndani ya ghala jingine lililozibwa magunia. Alisimama mlangoni. Kwenye shuka maiti anakuja. Kwenye spika mama yake anakohoa. Na watu ambao hawakuwahi kumtia machoni, mamia ya watu, walikuwa wanapiga makofi na kuita kwa pamoja, "Nyan-za-la! Nyan-za-la!"

Alihisi kama mama yake ameshachukuliwa, amebaki jina tu linaloitwa na wageni gizani.

Alimvuta kijana nyuma ya gari. "Venant, njoo nyumbani. Simama kwenye ghala letu, shika hicho kipaza sauti, waambie ni utani."

"Mama." Alicheka kidogo, kwa aibu. "Utani ukielezwa unakufa."

"Usipoelezwa atakufa yeye."

Kijana akaacha kucheka. Alitazama vidole vyake. Walikuwa wanarudi Jumapili, alisema, ile picha ya kuchekesha imeshafika kutoka Dar. "Jumapili nitasimama, mama. Naapa."

Bibi Nyanzala hakuifikia Jumapili. Waliingia kwake kabla hakujapambazuka, Dorotea akiwa bado hajafika kutoka Misungwi, wakaacha mlango wazi. Walivyomkuta sitasimulia, maana walionipa habari hii wenyewe waliishia hapo wakageuka. Polisi walikuja wakauliza mstari kwa mstari. Kila mlango ulijibu, hatujui, tulikuwa tumelala.

Mistarini yote ilikuja mazikoni. Walichimba kaburi, walileta udaga wa muhogo, walilia, na kilio kingine kilikuwa cha kweli. Lilibaki jambo moja. Desturi inataka mjukuu amwigize bibi yake siku ya maziko. Avae kanga yake, atembee kama yeye, adai anachokidai, mpaka waombolezaji wacheke na machozi yanawatoka. Ndivyo mzee anavyoagwa akaenda kwa amani. Watu walimsubiri Venant.

Venant alisimama kichwa chini.

"Mtanie bibi yako aende," mzee mmoja wa ukoo alimwambia polepole.

Alitikisa kichwa. Aliambiwa tena. Dorotea alimtazama, akataka kumwambia, mwanangu, jikaze. Lakini alipouona uso wake, akaacha. Bibi Nyanzala akafukiwa kimya, kama mgeni aliyefia njiani.

*

Gari lilikuja Jumapili iliyofuata. Wapo waliosema si vizuri, lakini Mwenyekiti alisema watu wanahitaji kufunguka moyo, na hii ni picha ya kuchekesha, Rutashobya amethibitisha. Venant alikataa. Halafu akakubali. "Niliapa nitasimama," alimwambia mama yake. "Nitawaeleza kabla picha haijaanza."

Alisimama mbele ya shuka jeupe. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Ndugu zangu," alisema. "Yale niliyoyasema juu ya bibi yangu..." Akawatazama. Miongoni mwa watu wale walikuwemo walioingia kwa bibi yake, na hakuwajua ni wepi. Akarudi akakaa kwenye kreti, na Rutashobya, ambaye hakuelewa, akawasha mashine.

Nasikia ni picha ya kuchekesha kweli. Mafundi wawili wanapaka rangi nyumba, hawajui maiti anaishi humo. Mmoja anampaka maiti rangi mgongoni akidhani ni ukuta. Huko kwao nadhani walivunjika mbavu.

Mistarini hakuna aliyecheka.

Venant alitafsiri kikavu, neno kwa neno. "Huyu anasema lete ngazi. Huyu anasema ngazi sina." Fundi akaanguka ndani ya pipa la rangi. Kimya. Fundi akakimbia akagonga ukuta wenye rangi mbichi, akaacha alama ya uso wake. Kimya. Magunia ya mlangoni yalisogea na upepo, na watu wakasogeleana.

"Mbona wamenuna?" Rutashobya alinong'ona.

Maiti akatokea mlangoni. Akaanza kuja mbele, mikono yake imenyooshwa, vitambaa vinamfunika mdomo wote.

Venant aliweka kipaza sauti chini, sakafuni.

Dorotea alikiona. Alikuwa amekaa karibu kabisa safari hii. Alikiona kipaza sauti kimelala kwenye saruji. Aliona midomo ya mwanawe imefungwa.

Spika ikakohoa.

Kikohozi kirefu. Hakikuwa cha kuigiza. Kilikuwa na ile filimbi ndogo ya mwisho ambayo Venant hakuwahi kuipatia, ambayo ni Dorotea peke yake aliyeijua, aliyelala naye chumba kimoja.

"Mume wangu."

Hakuna aliyekimbia.

"Mume wangu. Mbona hunitanii?"

Kwenye shuka maiti alikanyaga rangi, akateleza, akaanguka chali. Ni mahali pa kuchekea. Wanaume watatu waliinuka kutoka sehemu tatu za ghala. Hawakutazamana. Walitembea mpaka mlangoni wakiwa wameipa picha mgongo, wakapenya magunia, mwanga wa jua ukawapiga usoni mara moja, wakatoweka. Ghala zima liliwaona. Mpaka leo hakuna aliyewataja, na baadhi ya walioona wako hai, wanapokea komunyo.

"Wamenizika kimya," spika ilisema, bila hasira, kama mzee anayelalamikia chai isiyo na sukari. "Sema neno, mume wangu. Nicheke niende."

Venant alifungua mdomo. Shingo yake ilisimama mishipa. Dorotea aliona neno linapanda, linafika kooni, linakwama. Alitamani alitoe yeye. Lakini yeye ni binti, utani haukuwa wake, alichoweza ni kunong'ona, "Mama, nenda. Tafadhali nenda," na hayo hayakuwa maneno ya kumchekesha mtu.

Spika ikasubiri. Ilisikika ikipumua.

Mkanda ukaisha. Ncha yake ikawa inapiga mashine, tap, tap, tap, na shuka likabaki jeupe. Rutashobya alitoka nje mbio akazima jenereta. Taa ikafa. Mashine ikafa.

Pumzi iliendelea kidogo gizani. Halafu ikaacha.

*

Rutashobya aliomba uhamisho, akarudi kwao Bukoba. Wanasema aliuza kahawa tu mpaka mwisho wake, na sinema hakuigusa. Mistarini watu walianza kuhama kimya kimya, mstari ukabaki na mapengo kama kinywa cha kizee.

Venant hakusema tena. Madaktari mjini walimwangalia koo wakaona ni zima. Padri alimwombea, akampaka mafuta. Alilima, alichunga, alikula, aliitikia kwa kichwa, neno halikutoka. Dorotea alimlea kama aliyezaliwa upya, na hakumlaumu, maana alijua aliyecheka kwa sauti kuliko wote siku ile ni nani.

Lakini alfajiri, akiamka kuwasha moto, alikuwa anamsikia ng'ambo ya ukuta. Usingizini Venant alikuwa anaongea. Sauti ile ile ya zamani, nyepesi, yenye kejeli. Anatania. Ananyamaza kidogo, kama mtu anayesikiliza. Halafu anacheka kama aliyejibiwa vibaya. Dorotea alisimama pale na kibiriti mkononi, hakuwasha, asije akamwamsha. Ilikuwa saa pekee aliyompata mwanawe.

Kukipambazuka Venant alitoka, bubu, na usoni mwake kulikuwa na majivu. Mistari ya vidole vitatu kila shavu, myembamba, kama watani wanavyopakana. Hayakuwa majivu ya jikoni kwao, yale ya mabua, meusi na mazito. Haya yalikuwa meupe na laini kama unga. Dorotea hakuuliza. Alilowesha kitambaa akamfuta, naye akatulia kama mtoto.

Ilikuwa hivyo miaka na miaka. Mama yangu mdogo aliyaona kwa macho yake.

Alfajiri moja ya masika Dorotea aliamka, mbavu zinamuuma kama aliyecheka usiku kucha, akasikia kimya ng'ambo ya ukuta. Alisubiri. Hakuna utani, hakuna kicheko. Akawasha moto. Venant alipotoka, uso wake ulikuwa safi. Hata hivyo Dorotea alishika kitambaa kwa mazoea, akamsogelea.

Venant alimtazama mashavuni. Kisha akakichukua kitambaa mkononi mwa mama yake, polepole, akamfuta mama yake shavu la kushoto, na la kulia, akakikunjua kwenye mwanga wa mlango ili aone.

Kilikuwa cheupe kwa majivu, yale yale laini kama unga.